Uso wa Begani

Ruqaya alikuwa sonara, na sifa yake Maskati ilikuwa picha ndogo. Ukimpa uso wa mtu, atauchora kwa unga wa kioo juu ya kibati cha dhahabu kisichozidi ukubwa wa tende, atautia tanuruni, na mtu atatoka humo akikutazama kama yu hai. Watu walimletea nyuso za wazee wao waliofariki, na wengi walilia walipozipokea. Hakuwahi kurudishiwa kazi. Kwa hiyo uso wa baba yake Sayyida Mastura ulipomrudia mara ya tatu, raha ilimtoka, na ilipomtoka hakujua pa kuitafuta.

Mambo yalianza kwa simu. Aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Hatem, mtu wa wizarani, akasema kwa adabu kubwa kwamba shangazi yake angependa kumwona kwa kazi ya harusi. Binti yake Hatem, Maram, alikuwa anaolewa baada ya Idi, na shangazi alikuwa na jambo lake moyoni ambalo halielezeki kwa simu. Basi Ruqaya akatoka kwao Al Khoudh baada ya laasiri, akaendesha mpaka Madinat Sultan Qaboos, akakaribishwa katika nyumba nyeupe iliyojaa mazulia na saa za ukutani.

Sayyida Mastura alikuwa ameketi dirishani, bibi mdogo wa umbo, umri wake umeshapita themanini, kajitanda kanga juu ya gauni la hariri. Baba yake alikuwa mtawala wa mwisho wa kisiwa kimoja kidogo cha mwambao, kisiwa ambacho ramani nyingi hazikiandiki jina. Utawala ule ulikwisha zamani na watu wake wakatawanyika. Mastura alikuja Oman pamoja na mama yake, Bibi Shariffa, na kaka yake ambaye ndiye aliyemzaa Hatem. Aliolewa, akafiwa na mume, na hakujaaliwa mtoto. Bibi Shariffa naye alikwisha kufariki, na kaka pia.

Baada ya kahawa na halua, Sayyida alionyesha ukutani. Palikuwa na picha ya zamani iliyokuzwa, na ndani yake wanawake watatu wamekaa kwenye viti vya kuchongwa. Aliyekuwa katikati ndiye Bibi Shariffa, na wale wawili walikuwa dada zake mtawala. Kila mmoja, kwenye bega la kushoto, alikuwa na utepe wa hariri uliofungwa mfano wa kipepeo, na chini ya utepe imening'inia picha ndogo ya mwanamume mwenye kilemba, imezungushiwa lulu.

"Hiyo ndiyo nishani ya nyumba yetu," alisema. "Zote zilipotea. Mie nnataka zirudi kabla sijenda zangu."

Akamweleza Ruqaya kisa chake. Baba yake, ujanani, alialikwa Ulaya kwenye karamu ya wafalme, akaona wanaume wa kule wamejaa nyota kifuani na mishipi ya hariri begani. Nyota zile zilikuwa za vita na za kazi za serikali, na wanawake hawakuwa na fungu lao humo. Hivyo wafalme walibuni nishani ya pili, ya nyumbani, ya wanawake peke yao: sura ya mfalme mwenyewe katika duara la almasi, ikining'inia kwenye utepe. Kila mfalme alichagua rangi yake ya utepe, kiasi kwamba mwanamke aliyeishi enzi za wafalme wawili alikuwa na nishani mbili za rangi mbili. Lililompendeza zaidi yule mgeni kutoka kisiwani ni kwamba nishani ile haikutangazwa. Haikuandikwa gazetini wala haikupigiwa tarumbeta. Siku moja tu mwanamke aliingia ukumbini nayo begani, na wenye kujua wakajua kwamba huyu sasa ni mtu wa nyumba.

Aliporudi kwao akaweka ya kwake. Utepe ulikuwa wa kijani, na madaraja yalikuwa mawili. Yenye ukingo wa lulu ilikuwa ya mke mkubwa, dada zake, na mabinti watakapokuwa wakubwa. Yenye ukingo mtupu wa dhahabu ilikuwa ya wake wengine. Lakini mke mwingine hakuwahi kuoa, Sayyida alisema, kwa hiyo ile ya ukingo mtupu ilibaki kuwa maneno tu.

Hatem, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha shangazi yake, aliongeza kwamba wao wanataka zote ziwe za lulu, na sura itolewe kwenye picha rasmi ya babu yake, ile ya siku ya kutawazwa. Ruqaya akaipokea kazi kwa furaha. Aliendesha kurudi nyumbani akiwaza utepe.

Ilikuwa kazi yenye mitego. Zile za zamani zilichorwa juu ya pembe ya ndovu, na pembe siku hizi haigusiki. Hilo halikumsumbua, kwa sababu unga wa kioo ukichomwa vizuri unapata mwanga uleule kama wa ngozi. Tabu ilikuwa uzito. Dhahabu, lulu na kioo vikining'inia kwenye pini moja vitairarua hariri ya bi harusi kabla chakula hakijaletwa. Ruqaya alitengeneza kipande kirefu cha kukaa nyuma ya utepe, chenye pini mbili, ili mzigo ugawanyike. Akajaribu begani kwake mbele ya kioo, na shela na bila shela, akagundua kwamba lazima utepe ukae juu zaidi kuliko alivyodhani, karibu na mfupa wa bega, la sivyo shela inaumeza. Wanawake wa kwenye picha walilijua hilo. Walikuwa wameirudisha shela nyuma upande mmoja kwa makusudi.

Yote hayo yalimwendea vizuri. Kilichomshinda ni uso.

Wa kwanza aliuchora sawasawa na picha ya kutawazwa. Sayyida Mastura aliushika kwa vidole viwili, akausogeza karibu na macho, akatazama, akaurudisha. "Siye," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyefungua mlango akakuta amekuja mgeni mwingine.

Ruqaya akachora wa pili, akampunguzia yule bwana umri. Siye. Akachora wa tatu, akalainisha mdomo, akatia joto machoni. Sayyida aliutazama huu kwa muda mrefu kidogo, na Ruqaya akaanza kupumua, halafu bibi akautia kwenye kiganja chake na kukifunga.

"Mzuri, mwanangu. Lakini siye."

Kuanzia hapo Ruqaya hakutulia. Alikuwa akikaa mezani kufanya kazi na kuinuka kabla hajaishika brashi ya rangi. Alianza kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa. Alikwenda Mabela kumwona mama yake, akaaga kabla chai haijamiminwa, na mama yake akabaki na birika mkononi akimtazama anavyotafuta viatu. Alichoma vibati viwili mpaka vikapasuka, jambo ambalo hufanywa na mtu anayejifunza. Mumewe Aflah, mwalimu wa chuo kikuu, mtu asiyependa kuingilia, alimwambia mwishowe kwamba bibi wa watu ni mzee, huenda hajui anachokitaka, na kwamba hakuna aibu kuirudisha kazi. Ruqaya alimjibu kwamba anajua. Bibi alijua hasa. Kila mara alisema siye bila kusita hata kidogo, na mtu asiyejua husita.

Mara ya nne alikwenda bila kuitwa. Alichukua uso mpya aliouchora kwa kukata tamaa, na pia kipande kimoja cha nishani kilichokwisha kufungwa kwenye ukingo wa dhahabu, ukingo bado mtupu kwa sababu lulu alizoziagiza zilikuwa hazijafika. Alitaka kumwonyesha Sayyida angalau ukubwa, wapate la kuzungumza. Hatem alikuwa kazini. Walikuwa wawili tu chumbani, na zile saa.

Sayyida alikichukua kile kipande chenye ukingo mtupu, akakigeuzageuza, akapitisha kidole gumba pembeni. Halafu akauchukua ule uso mpya na kuutazama, na hapo Ruqaya akaona jambo ambalo alikuwa akiliona kila mara bila kulitia maanani. Bibi alilaza kichwa. Alikilaza upande, shavu likaelekea bega, mpaka picha ikawa karibu imelala machoni pake.

"Bibi," Ruqaya aliuliza, "mbona kila ukitazama unalaza kichwa?"

Sayyida hakujua kama analaza kichwa. Alikinyanyua, akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Akaanza kusema polepole, akitafuta maneno, na Kiswahili chake kikazidi kuwa cha utotoni.

Alisema watu wote wanadhani anamkumbuka baba yake. Hatem anadhani, Maram anadhani, na yeye hajawahi kuwakatalia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, hajaanza hata chuo cha Kurani. Alikuwa mtu wa mbali, kilemba mwisho wa ukumbi, sauti nyuma ya mlango.

"Baba mie nimemjua begani," alisema. "Siku za sikukuu watu walikuwa wengi, basi nikibebwa. Nikilaza kichwa hapa, na yeye yuko papa hapa, karibu na jicho langu. Mkubwa kama mwezi. Nlikuwa nikimtia mdomoni."

 Miezi yote ile Ruqaya alikuwa akimchora mtu, na alichotakiwa kuchora ni picha ya mtu iliyovaliwa begani. Tena si kama mtazamaji anavyoiona mbele yake, bali kama inavyoonekana na mtoto aliyelalia bega, kutoka pembeni, karibu mno, mchana wa sherehe. Alitoa karatasi na kalamu haraka, akaanza kuuliza, na bibi akajibu bila kusita. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko la pili. Mchoraji alikuwa hodari wa vilemba kuliko macho. Shavuni palikuwa na ufa mwembamba, kama unywele. Ndevu zilikuwa za rangi moja tu, nyeusi, bila kivuli.

"Na ukingo wake? Mdomoni ulikuwaje? Ulikuwa na lulu au laini?"

"Laini," Sayyida alisema mara moja. "Laini, tena baridi."

Kalamu ya Ruqaya ikasimama. Wote wawili waliitazama ile picha ya ukutani, pale katikati, bega la Bibi Shariffa na lulu zake zilizosimama kama meno.

"Mama hakuwa akinibeba," Sayyida alisema. "Alikuwa na maradhi ya mgongo. Aliyekuwa akinibeba mie ni Masouda."

Masouda alikuwa mlezi. Hivyo ndivyo alivyotajwa siku zote katika nyumba ile, kwa wema na kwa ufupi: Masouda mlezi, mtu wa bara, aliyekuja jumbani akiwa msichana na kurudishwa kwa watu wake bwana alipofariki. Ruqaya, ambaye wazee wake mwenyewe walitoka Tabora, aliijua namna neno bara linavyotamkwa katika nyumba kama zile, likiwekwa chini taratibu kama kikombe chenye ufa.

"Mlezi havai nishani," Sayyida alisema.

"Havai, Bibi."

 Bibi alikuwa bado ameshika kile kipande chenye ukingo mtupu. Alikizungusha na kukizungusha, na Ruqaya alipoinuka kuaga alimrudishia akamwambia kwamba hiki asikitie lulu. Hiki ni chake yeye.

Hatem alikuja Al Khoudh baada ya siku chache, mwenyewe, bila kupiga simu. Aliingia karakana akiwa na dishdasha iliyonyooka na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Hakukaa. Alitembea kutoka meza mpaka tanuri, akagusa koleo, akaziacha. Alisema shangazi yake amemweleza habari za Masouda na ule ukingo laini, na amemweleza kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona kwake, na ndiyo inayomtia khofu. Alimwomba Ruqaya azitie lulu nishani zote kama walivyokubaliana. Ukumbi utajaa wanawake wanaojua nasaba za watu kuliko majina ya watoto wao. Wataona ukingo mtupu na watauliza.

"Bibi yangu Shariffa ndiye aliyemlea," alisema. "Amemuuguza surua, amemsomesha, amemvusha bahari. Leo tumwambie nini kaburini mwake?"

Ruqaya alimjibu kwamba hakuna aliyesema lolote juu ya Bibi Shariffa. Sayyida ameagiza pambo lake mwenyewe, na yeye ni fundi.

Hatem alitikisa kichwa. Alisema si kwamba anamwita shangazi yake mwongo. "Lakini mtu wa umri ule, ukimtia kitu mkononi kisha ukamuuliza alikishika lini, atakutafutia siku. Wewe ndiye uliyempelekea ukingo mtupu. Wewe ndiye uliyemuuliza. Una hakika ni lipi lililotangulia?"

 Hatem aliondoka, gari lake likarudi nyuma mpaka barabarani, na Ruqaya akabaki amesimama mlangoni. Maana ilikuwa kweli. Kidole gumba cha bibi kilikuwa kimekwisha kupita juu ya dhahabu ile laini kabla ya swali. Kama lulu zingefika mapema, angempelekea yenye lulu. Bibi angejibu nini basi? Hilo lilimwingia na halikutoka. Alilala nalo na kuamka nalo, akawa anarudia mazungumzo yale neno kwa neno akiwa jikoni, akiwa garini, mpaka Aflah akamuuliza anazungumza na nani.

Hata hivyo aliuchora uso. Aliuchora kwa siku moja, bila kunywa maji, akijilazimisha kuusahau ufundi wake. Alilifanya jicho moja kubwa. Aliziacha ndevu nyeusi tupu. Kilemba alikitendea haki kila mkunjo, kwa kuwa yule mchoraji wa zamani alikipenda kilemba. Kwenye shavu alilaza uzi wa dhahabu mwembamba kiasi kwamba mtu angedhani ni unywele ulioangukia rangi, ndio uwe ufa. Ulipotoka tanuruni aliuona mbaya, wa kitoto, na akaupenda.

Sayyida Mastura aliupokea kwa vidole viwili. Akalaza kichwa.

"Ndiye," alisema.

Hakulia. Alikaa naye kiganjani mpaka kahawa ikapoa, na Ruqaya, aliyekuwa akiingoja kauli ile kama mgonjwa anavyongoja nafuu, akashangaa kuona kwamba haikumtuliza hata kidogo.

Harusi ilifanywa katika ukumbi mkubwa, upande wa wanawake umejaa taa na udi. Maram alikaa juu ya jukwaa na nishani yake ya lulu, utepe wa kijani juu kabisa ya bega, shela imerudishwa nyuma upande mmoja kama ile ya mabibi wa pichani. Wanawake wengine wa nyumba walivaa zao. Watu walizisogelea, wakazisifu, wakauliza ni kazi ya nani. Ruqaya alikuwa amekaa karibu na ukuta na alipaswa kuwa mwenye furaha. Jicho lake lilikuwa kwa Sayyida Mastura, aliyekuwa safu ya mbele, mdogo, wima, na kile kiduara kitupu kiking'aa begani.

Aliyeuliza alikuwa bibi mmoja wa rika la Sayyida, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Aliinama, akaitazama nishani, akataka kujua kwa nini ya Sayyida haina lulu.

"Hii ya mama yangu," Sayyida alijibu.

Yule bibi alisema kwa upole kwamba anavyokumbuka yeye, ya Bibi Shariffa ilikuwa na lulu, tena lulu kubwa.

"Ilikuwa nazo," Sayyida alisema. "Bibi Shariffa kanilea, Mwenyezi Mungu amrehemu, na haki yake siimalizi. Hii ya aliyenizaa. Masouda."

Hakupandisha sauti. Ngoma ziliendelea na wasichana waliendelea kucheza, lakini safu mbili za mbele zilinyamaza, na kimya kile kikaenda nyuma kikipitishwa kutoka sikio hadi sikio. Ruqaya hakuweza kukaa. Alitoka nje kwenye uwanja wa magari, akatembea kati ya magari huku viatu vya sherehe vikimuuma, akijiambia kwamba kwa swali moja alilouliza akiwa na kalamu mkononi amembadilishia mtu mama.

Wiki iliyofuata Sayyida aliita watu kwa khitma. Alisema inasomwa kwa ajili ya Masouda, ambaye hajawahi kusomewa. Ruqaya alialikwa, na alikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa woga. Wanaume walikuwa sebule ya mbele, wanawake ya nyuma, majuzuu yamegawanywa, harufu ya ubani imejaa nyumba. Alipokuwa akivua viatu, Hatem alitoka ukumbini akamwomba wasimame pembeni kidogo, kwenye njia ya kwenda jikoni.

Alikuwa amekonda. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena. Alisema tangu ile siku ya karakana kuna neno linamrudia. Baba yake, kila alipoeleza habari za kifo cha mtawala, alikuwa akitaja kwamba jumba zima lilikuwa kimya na watoto walikatazwa kukimbia, kwa sababu ya vyumba viwili vya eda. Siku zote alisema hivyo, vyumba viwili. Hatem alikuwa mtoto na alidhani ni desturi ya wakubwa, mjane mmoja na vyumba viwili.

"Eda inakaliwa na mke," alisema Hatem. "Mlezi hakai eda."

 Ruqaya alimuuliza kama amekwisha kumwambia shangazi yake. Hatem alisema amemwambia jana, na kwamba Sayyida hakushangaa. Alimjibu tu kwamba sasa anaelewa kwa nini katika kumbukumbu yake Masouda wa mwisho amevaa nguo nyeupe, za eda. Halafu Hatem akasema kilichomtoa ukumbini hasa. Mwalimu anataka jina kamili la marehemu kwa ajili ya dua, na hakuna ajuaye. Masouda binti nani? Alikuwa ametafuta, akapiga simu kwa wazee wa Unguja na wa Dubai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza baba yake Masouda anaitwa nani.

Wakaenda pamoja mpaka mlango wa sebule ya nyuma. Sayyida alikuwa amekaa chini na juzuu yake, miwani puani. Hatem akainama akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Semeni Masouda, mama yake Mastura," alisema bibi. "Anayeombwa anamjua."

Na hivyo ndivyo ilivyosemwa, kwa sauti, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na watu wakaitikia amin.

Ruqaya alidhani baada ya hapo atalala. Shaka lilikuwa limeondoka, au sehemu yake kubwa. Vile vyumba viwili vya eda havikutoka mkononi mwake. Lakini asubuhi ya pili yake aliamka na mahangaiko yaleyale, na alikuwa anayashangaa, akisafisha tanuri ambalo halikuwa chafu, simu ilipolia. Ilikuwa Madinat Sultan Qaboos.

Alimkuta Sayyida dirishani, nishani imelala juu ya mto mbele yake. Bibi alimwambia kwamba amefikiri. Nishani hizi, za Ulaya na za kwao, zote alizowahi kuziona, ni wanawake wanaobeba uso wa mwanamume. Baba yake amekwisha kumwona, na amemshukuru Ruqaya. Sasa anataka nyingine ya ukubwa uleule, utepe uleule, ukingo mtupu, na uso uwe wa yule aliyekuwa akimbeba.

Ruqaya alisema hakuna picha ya Masouda. Alijua lilikuwa neno la kijinga wakati analitamka.

"Hakuna," Sayyida alikubali. "Nitakwambia mwenyewe. Lakini mie nnamjua kwa chini, kidevu na shingo na sikio. Sijui kama utaweza."

Ruqaya alivuta kiti. Maswali yalikuwa yamekwisha kupanga safu mdomoni mwake: alikuwa mweupe au mweusi, pua ilikuwaje, alivaa kipini au hakuvaa. Kila moja lingekuwa ni mkono wake juu ya uso wa mtu mwingine. Akaitoa karatasi, akaiweka magotini, akaishika kalamu, na akayameza yote. Aliamua kwamba hataongeza wala kupunguza, hata kama itawachukua mwaka.

Sayyida Mastura alifumba macho na kulaza kichwa. Saa za ukutani ziliendelea na kazi yao. Muda ulipita, na Ruqaya alihisi miguu inataka kuinuka, akaikaza zuliani.

"Alikuwa na shimo hapa," bibi alisema mwishowe, akigusa chini ya sikio lake. "Dogo. La tetekuwanga."

Ruqaya akachora shimo, hilo tu, kwenye karatasi nyeupe, na akasubiri.